Daftari la Wasioingia

Ofisini walimwita Mama Daftari, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, kabla hajamsalimia mtu sawasawa, alikuwa ameshakaa mbele ya skrini anasoma daftari la seva: nani kafungua tovuti, saa ngapi, kasoma nini, kakwama wapi. Wenzake walisoma habari za mpira. Yeye alisoma mistari hiyo, maelfu kwa maelfu, midomo ikimchezacheza. Ukimsemesha anakuinulia kidole kimoja, yaani ngoja. Nawe utangoja, utake usitake.

Ofisi yenyewe ni ile inayopanga walimu wa shule za serikali. Mwalimu anayetaka kuhama kituo anajaza ombi kwenye tovuti. Nafasi ikipatikana anatumiwa ujumbe, kisha ana siku saba za kuingia kwenye tovuti hiyohiyo na kubonyeza neno moja: Nakubali. Asipobonyeza mpaka Ijumaa saa sita mchana, mashine inahesabu kwamba amekataa. Nafasi inakwenda kwa anayefuata, na yeye haruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano. Kanuni kali, ndiyo, lakini Mama Daftari aliipenda, kwa sababu kabla yake nafasi ziligawiwa kwenye korido kwa kunong'onezana. Seva ile aliijenga yeye, miaka kumi na miwili iliyopita, na mtu akiisema vibaya mbele yake ajue kajitafutia.

Sasa, mama huyu alikuwa na mume. Nasema alikuwa naye, ila kusema waliishi pamoja nitakuwa natia chumvi. Mumewe ni mwalimu wa hesabu, na kwa miaka kumi na mitatu alifundisha shule moja ya mbali, safari ya siku mbili, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Alirudi nyumbani likizo mbili kwa mwaka. Binti yao alipokuwa mdogo alimwita Baba wa Likizo. Wakacheka wote watatu, kisha mama mtu akaenda jikoni, akakaa huko kitambo kizuri.

Binti sasa ana miaka kumi na minane, na mwakani anaondoka kwenda chuo. Mwalimu ameomba kuhama mara nne, na mara zote nne hakuna kitu. Mara ya tano, alipojaza ombi, alimpigia mkewe simu.

"Mama, mimi siombi makuu," alisema. "Nataka mwaka mmoja tu kabla mtoto hajaondoka. Mwaka wa kula mezani sisi watatu, siku za kazi, si za likizo. Nimkute asubuhi amenuna. Nimgombeze kwa kuacha taa zinawaka."

"Utamchosha siku mbili tu, atakufukuza," mkewe akamjibu kwa utani. Lakini alipokata simu alikitazama kile kiti cha tatu, kilichokuwa kimegeuka pa kuwekea nguo za kupiga pasi, akaziondoa nguo.

Miezi miwili kabla majina hayajatoka, mkurugenzi wao alirudi kutoka mkutanoni amefura. Huyu walimwita Bwana Herufi, na mtasikia kwa nini. Wakaguzi walikuwa wamepima tovuti za ofisi zote za serikali na kuzipa alama mbele ya kadamnasi, kama watoto wa shule. Ofisi yake ilipata D.

"D! Mimi!" alisema, amesimama mlangoni kwa Mama Daftari. "Mtu mzima na mvi zangu! Wanasema tunatumia itifaki za zamani. Itifaki ni nini?"

Mama Daftari akamweleza kwa upole. Itifaki ni namna simu ya mtu na seva zinavyosalimiana na kupeana mizigo. Simu inabisha hodi, seva inaitika, wanakubaliana watazungumza kwa siri ya aina gani, ndipo mambo yanaanza. Salamu za zamani, wezi wamejifunza kuziiga. Halafu kwa itifaki ya zamani mzigo ulibebwa kipande kipande, picha peke yake, maandishi peke yake, kila kimoja na foleni yake. Itifaki mpya inapitisha vyote kwa safari moja.

"Basi washa hiyo mpya," akasema Bwana Herufi, kana kwamba ni swichi ya taa.

Wiki mbili alifanya kazi ile. Alibadili programu ya seva, akaweka vyeti vipya vya usalama, akaandika mistari na kuifuta na kuiandika tena. Siku alipoiwasha itifaki mpya, ukurasa wa kwanza, uliokuwa ukifunguka kwa sekunde tisa, ulifunguka kwa mbili. Alicheka peke yake pale ofisini kama mwehu. Aliufungua na kuufunga mara ishirini, kwa raha tu.

Salamu ya zamani hakuizima. Aliiacha ikae kando ya mpya, kwa ajili ya wenye simu kuukuu. Wakaguzi wakapima tena, wakatoa B.

"Kinatuzuia nini kupata A?" akauliza Bwana Herufi.

"Salamu ya zamani. Tukiizima tunapata A, lakini simu zilizozeeka hazitaingia kabisa."

"Ziko ngapi?"

Mama Daftari hakuwa mtu wa kukisia. Alifungua daftari la mwezi ule mzima, akahesabu. Watu kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja!" Bwana Herufi alipiga makofi. "Hao si wajitafutie simu?"

Hata hapo hakukurupuka. Nyumbani, kwenye droo, alikuwa na simu yake ya zamani, pacha wa ile ya mumewe. Walizinunua siku moja, duka moja, aina moja. Akaichaji, akaizima salamu ya zamani kwenye seva, akafungua tovuti kwa simu ile. Ikafunguka bila kusita. Basi akapumua. Kama pacha anaingia, alijiambia, na mwenyewe ataingia. Wakaguzi wakatoa A, na Bwana Herufi akaiweka kwenye fremu ya kioo, ukutani, juu ya kiti chake.

Majina yakatoka Ijumaa jioni. Mwalimu alipiga simu akiwa juu ya kilima nyuma ya shule, upepo unamvumia kwenye simu.

"Mama! Nimepata! Kituo ni hapo hapo kwenu, dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani!"

Jamani, mama huyu alilia, akacheka, akamwita binti yake, binti akaishika simu na kupiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku ule walipanga hata nani atalala upande gani wa dirisha. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameizoea nyumba yenye hatua za watu wawili.

Jumapili mwalimu akapiga tena. "Tovuti yenu haifunguki."

"Haifunguki vipi? Mbona kwangu inafunguka kama umeme?"

"Inazunguka, kisha inasema haiwezi kuunganisha."

"Ni huo mtandao wenu wa kuvizia. Hapo kwenu hata salamu za mwaka mpya zinafika mwezi wa tatu."

Wakacheka. Jumatatu asubuhi alipofika kazini alilisoma daftari mstari kwa mstari. Lilikuwa safi. Hakuna kosa hata moja. Tangu aijenge seva ile hakuwahi kuona wiki nzuri namna hiyo, walimu wanaingia, wanabonyeza, wanatoka. Jumanne mwalimu akapiga, bado. Jumatano bado.

"Au niazime simu ya mwalimu mkuu?" akauliza. "Yake mpya."

"Simu yako haina tatizo. Nimejaribu pacha wake kwa mkono wangu. Usimwingize mwalimu mkuu kwenye mambo yetu, atajua unaondoka, aanze kukununia. Jaribu alfajiri, mtandao huwa mwepesi. Tumia huohuo wa shule, wa dishi la juu ya paa."

"Haya, fundi," akasema mumewe. Alimwamini. Kwa mambo ya mitambo hakuwa akibishana naye hata siku moja.

Ijumaa saa nne asubuhi akapiga, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. Mwalimu mkuu alikuwa amesafiri tangu jana na simu yake. Zimebaki saa mbili.

"Mke wangu, niingizie wewe. Nakupa neno langu la siri, nakusomea na tarakimu watakazonitumia. Ni dakika mbili tu."

 Miaka mitano nyuma, mwenzao mmoja aliyekaa meza ya dirishani alimbonyezea dada yake, akafukuzwa siku hiyohiyo, na wafanyakazi wote wakatia saini karatasi: hakuna kugusa faili la ndugu, kwa njia yoyote, hata kwa ruhusa yake. Karatasi ile aliiandika nani? Yeye mwenyewe, Mama Daftari. Alichoka kuona nafasi zinapita korido.

"Siwezi," akasema. "Unajua siwezi."

"Najua. Lakini leo."

"Ukianza kwa leo huishii hapo. Mashine iko sawa, mwalimu. Endelea kujaribu, itafunguka."

Saa sita ikapiga. Haikufunguka.

Jumatatu alifika ofisini na macho mekundu, akalisoma daftari. Safi. Halafu akafungua orodha ya matokeo. Kwa kawaida walimu wasiokubali hawazidi ishirini. Mtu kaugua, mtu kabadili nia. Safari hii walikuwa zaidi ya mia tatu.  Daftari linasema hakuna aliyekwama, na watu mia tatu wameziacha nafasi walizozililia miaka?

Ndipo akakumbuka. Miaka sita nyuma, wahuni walikuwa wakiibishia seva hodi usiku na mchana kwa mashine zao, na kila aliyekataliwa mlangoni aliandikwa, mpaka diski ikajaa na tovuti ikalala siku nzima. Akaamuru seva isiandike waliokataliwa, iandike walioingia tu. Mstari mmoja aliouandika kwa haraka, akausahau. Kwa miaka sita alikuwa akisoma daftari la waliofika sebuleni, akidhani anaona na waliosimama nje.

Alishuka ngazi mpaka chini, kwa yule anayelinda lango la mtandao wa ofisi nzima. Mzee wa Lango hutunza daftari lake mwenyewe, anaandika kila anwani inayofika, yaani namba ya mtandao wa anayebisha hodi, iingie isiingie.

"Mama Daftari leo unaazima daftari la jirani?" akamtania.

"Nipe la wiki iliyopita, baba. Tafadhali."

Mzee akamtazama usoni, utani ukamwisha, akampa.

Akayaweka madaftari mawili ubavu kwa ubavu, akawafuta wahuni, akabakiza waliofika langoni na hawakuonekana ndani. Anwani mia tatu na kumi na mbili. Nyingi za shule za mbali. Na mle katikati, anwani ya dishi la shule ya mumewe. Aliijua kwa sababu aliisajili yeye. Mara arobaini na moja. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri mara sita mfululizo, kama alivyomshauri. Ijumaa mara kumi na nne, ya mwisho saa tano na dakika hamsini na nane.

Pacha, je? Nalo alilielewa akiwa palepale, mkono mdomoni. Simu yake ya drooni ilikuwa ikipata maboresho kila mwezi kwa mtandao mzuri wa nyumbani, mwaka hadi mwaka, mpaka ilipostaafu. Ya mumewe haikupata hata moja. Kule mtandao haukutosha kuyashusha. Simu zilizaliwa siku moja, lakini moja ilisomeshwa salamu mpya, nyingine haikusomeshwa. Na wale kumi na mmoja aliwahesabu mwezi usio wa uhamisho, wakati mwalimu wa mbali hana la kufuata kwenye tovuti. Alipima kina cha mto wakati wa kiangazi. Na mpimaji alikuwa yeye, hakuwa Bwana Herufi wala wakaguzi.

Alipanda kwa mkurugenzi na karatasi zake. Alieleza yote, bila kujipunguzia. Aliomba mambo mawili: salamu ya zamani irudishwe, na dirisha la kukubali lifunguliwe tena kwa siku saba.

Bwana Herufi alisikiliza, mikono juu ya meza, herufi yake inang'aa nyuma ya kichwa.

"Nani amelalamika?" akauliza.

"Wangelalamikia wapi? Fomu ya malalamiko iko kwenye tovuti hiyohiyo."

"Kwa hiyo hakuna."

"Mkurugenzi, wamefungiwa nje!"

"Nafasi zao zimeshakwenda kwa wengine, barua zimetoka, watu wanafunga mizigo. Nikawaambie wafungue mizigo? Nikawaambie wakaguzi A yao imewafungia walimu mia tatu nje?" Akaichukua orodha, akaipitia kwa kidole, kidole kikasimama. "Na hapa naona mumeo yumo."

Mama Daftari akaitikia kwa kichwa.

"Miaka kumi na miwili hujamgusia ndugu faili," akasema Bwana Herufi, na ubaya ni kwamba alisema kwa huruma kabisa. "Leo unakuja kuniomba nifungue uhamisho mzima, na jina la mumeo liko humu. Watasemaje huko chini? Karatasi ile uliiandika wewe. Mimi nakulinda, mama."

Alijaribu tena. Alisema basi mumewe aachwe, wafunguliwe wengine wote. Maneno hayo yalimtoka, akayasikia mwenyewe. Hata hivyo hakufua dafu. Alichokubali Bwana Herufi ni tangazo tu, na akaliandika hapohapo: Ndugu mwalimu, hakikisha unatumia simu ya kisasa. Liwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti.

"Watalisoma vipi wasiofungua?" Mama Daftari akauliza.

"Liweke tu," akasema Bwana Herufi.

Akaliweka. Lilifunguka upesi sana.

Jumatano jioni, yeye na binti wanaosha vyombo, simu ikalia. Mwalimu alikuwa kama amechangamka.

"Mama, mwalimu mkuu karudi na simu niliyomwagiza. Mpya! Nimeifungua tovuti yako. Aisee! Sijatoa kidole, imeshafika. Hongera, kwa kweli. Kumbe kazi uliyoifanya ndiyo hii."

"Imeandika nini?" akauliza, ingawa aliyajua maneno yale, aliyatunga yeye.

"Imeandika, umekataa kituo hiki, asante kwa kutumia huduma zetu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kwa hiyo ilikuwa simu. Nisikufiche, nilikuwa nakulaumu moyoni. Nilisema, huyu mwanamke ana msimamo gani huu, ananiacha nahangaika na ana funguo mkononi. Nisamehe. Kumbe ni huu mkweche wangu."

Angeweza kunyamaza. Mume mwenyewe ameshampa njia, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumuuliza. Akaufuta mkono kwenye khanga, akaihamishia simu sikio la pili.

"Si simu, mwalimu. Ni mimi."

Akamweleza. Salamu aliyoizima, pacha wa drooni, ule mstari mmoja wa miaka sita. Alimwambia na alivyomkataza asiazime simu ya mwalimu mkuu, kana kwamba mumewe alikuwa amesahau. Aliongea haraka, akiogopa kusimama. Binti aliacha kusugua sufuria.

"Nimeona kwenye daftari la lango," akamalizia. "Uligonga mara arobaini na moja. Ya mwisho saa tano na dakika hamsini na nane."

 Alisikia upepo, akajua mumewe yuko kilimani.

"Arobaini na mbili," akasema mwalimu.

"Nini?"

"Nilikuwa nahesabu. Saa sita kasoro dakika moja nilijaribu tena, nimepanda juu ya meza darasani, nimeinua mkono, wanafunzi wananitazama."

Mama Daftari alifumba macho. Hiyo ya arobaini na mbili haikufika hata langoni.

"Mwalimu," akasema. "Sema kitu. Nitukane."

"Nitakutukana nini." Alikohoa. "Kesho nina kipindi cha kwanza. Ngoja nikalale."

Ilikuwa saa moja na robo jioni. Simu ikakatika, au aliikata. Kwa kule huwezi kujua.

Binti alikuwa amesimama na sufuria mkononi, povu linamdondokea miguuni. "Baba anakuja lini?"

Mama yake alichukua nguo za kupiga pasi zilizokuwa zimerundikwa sakafuni, akaanza kuzirudisha juu ya kile kiti cha tatu, moja moja, akizinyoosha kola.

"Likizo," akasema.